Kinyozi Hajinyoi: Njia ya Misuko kutoka Ubwari hadi Kabambare

Mwaka 1878 Henry Morton Stanley alichapisha kitabu cha safari yake ya kuvuka Afrika, na ndani yake akawaonyesha wasomaji wa Ulaya vichwa vya watu wa magharibi ya Ziwa Tanganyika: msuko wa Uguha, msuko wa Ubujwe, msuko wa Uhyeya. Mmoja wa Wahyeya amechorwa kwa nyuma, uso wake haupo kabisa. Michoro imepewa majina ya nchi, basi. Mwenye kichwa hana jina. Na yule aliyekaa nyuma yake akitenga nywele, akizifunga na kuzibana hadi zikakaa vile, hayumo hata kwa kudokezwa.

Njia iliyozaa michoro ile inaizunguka Fizi. Misafara ilivuka ziwa kutoka Ujiji, ikatua Mtowa upande wa kusini, ikapanda kuelekea Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Mitumbwi mingine ilipanda kaskazini, ikipita rasi ya Ubwari na pwani ya Baraka hadi Uvira. Teritwari ya Fizi ya leo, pamoja na sekta zake nne za Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, imekaa katikati ya mikono hiyo miwili: ziwa mashariki, milima ya Itombwe kaskazini, Maniema magharibi. Nimeifuata njia hiyo nikiwa na nakala za michoro ya kale ndani ya simu, na kila nilipozifungua mbele ya wasusi niliona jambo lile lile. Hawaulizi mtu huyu ni wa kabila gani. Wanatazama mistari ya ngozi, wanabishana msuko umeanzia wapi, utosini au kisogoni, na nywele zimetosha au zimeongezwa. Wanausoma mchoro wakiwa wamesimama mahali pa msusi. Nadhani historia yote ya picha za nywele katika nchi hizi inasomeka vizuri zaidi kutoka hapo, kwa maana Waswahili walikwisha kusema: kinyozi hajinyoi. Kichwa kilichosukwa ni ushahidi wa watu wawili, na karibu kila aliyekichora au kukipiga picha alimwona mmoja.

Macho ya mtumbwini

Aprili 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakiongozwa na Kannena, mkuu wa huko, wakitafuta mto wa kaskazini mwa ziwa. Walipita Ubwari, na Burton akaiandika kuwa kisiwa. Kuhusu Wabembe wa ng'ambo aliandika sifa ya kula watu, habari iliyokuwa ikisambaa katika mitumbwi kabla hata ya kufika kwao. Hofu ilitangulia macho. Novemba 1871 Stanley na David Livingstone walipita maji hayo hayo hadi Rusizi, wakahakikisha kwamba mto ule unaingia ziwani wala hautoki. Mwaka 1876 Stanley alirudi na mashua yake, Lady Alice, akalizunguka ziwa lote kati ya Juni na Julai, akaona kwamba Ubwari imeungana na bara. Ghuba iliyo kati ya rasi na nchi kavu akaipa jina la Burton, mtu aliyepita hapo bila kujua kwamba ni ghuba.

Hivyo ndivyo majina yalivyogawanywa katika safari zile: maji yalipata jina la mgeni, vichwa vikapata jina la nchi. Na kwa kuwa pwani ya Fizi ilitazamwa zaidi kutoka majini, watu wake wamo kwa uchache mno katika michoro ya mwanzo. Kwa mbali mtu huona kimo, mkuki, nguo. Msuko hauonekani mpaka umkaribie mwenyewe, na ili uone kisogo chake ni lazima akuruhusu upite nyuma yake. Methali inasema akupaye kisogo si mwenzio. Kwenye mkeka wa msusi mambo ni kinyume: humpi kisogo mtu usiyemwamini.

Njia ile ilileta pia kichwa cha aina nyingine. Wanaume wa pwani waliofika na misafara walinyoa nywele na kuvaa kofia, na wengi wa bara waliojiunga nao wakafuata desturi hiyo. Kichwa kilichonyolewa kilimtambulisha mtu kuwa Mwislamu na mwungwana, mwenye uhusiano na Ujiji, Tabora na Zanzibar. Miongoni mwa Waislamu wa Baraka, kama wa Kasongo na Kabambare, wembe bado unafanya kazi yake ya kwanza siku ya saba baada ya mtoto kuzaliwa, anaponyolewa na kupewa jina. Basi katika njia moja walikutana watu waliojieleza kwa kuondoa nywele na watu waliojieleza kwa kuzijenga. Mpita njia mwenye uzoefu aliwatambua wote wawili kabla hawajafungua kinywa.

Msalaba wa misuko minne

Aliyetazama kwa makini kuliko wote alikuwa Verney Lovett Cameron, mwanamaji wa Kiingereza. Mei 1874 aliliona tokeo la mto Lukuga, mahali ziwa linapomwaga maji yake kuelekea Kongo, kisha akapita Uguha na Ubujwe kwenda Manyema, ndiyo Maniema ya leo, akafika Nyangwe mwezi Agosti. Alichokiandika juu ya nywele za Uguha ni maelezo ya kazi, hatua kwa hatua. Nywele hugawanywa mafungu manne, huchanwa, hupangwa juu ya vitu vya kuzivimbisha, na ncha zake husukwa misuko minne ambayo mara nyingi hukutanishwa kwa umbo la msalaba. Pini za chuma kilichong'arishwa huchomekwa humo, na kauri hupangwa kama pambo. Nywele za mtu zisipotosha kufikia urefu unaotakiwa, huongezwa nywele za bandia.

Nilipowasomea wasusi sehemu hiyo ya mwisho, walicheka. Meshi, kumbe, ilikuwepo mwaka 1874.

Maelezo ya Cameron yana ushahidi mwingine, nao ni wa mbao. Magharibi ya Uguha wanaishi Wahemba, na wachongaji wao walitengeneza sanamu za mababu ziitwazo singiti: mwanamume amesimama, mikono imewekwa kando ya tumbo, ndevu zimekatwa vizuri, uso umetulia. Ukiiona kwa mbele, sanamu ni kimya. Igeuze, nawe utakuta kisogo kimebeba kazi kubwa: misuko inayokutana kwa umbo la msalaba, imechongwa kwa subira ile ile ambayo msusi angeitumia kwenye nywele. Mchongaji alijua kwamba heshima ya mtu huyu iko nyuma ya kichwa chake, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kuifikia, na ambapo mikono ya wengine ilihitajika. Mkuu aliyesukwa vile alikuwa mkuu mwenye watu.

Sanamu hizo zilikuwa na majina. Kila moja ilimsimamia babu fulani anayejulikana, na ukoo ulimtaja ulipohitaji kuthibitisha haki yake juu ya ardhi na uongozi. Zilipopelekwa Ulaya, katika makumbusho kama ya Tervuren karibu na Brussels, majina ya mababu hayakusafiri nazo, wala ya wachongaji. Mwanazuoni wa Ubelgiji Frans Olbrechts alipogundua kwamba sanamu kadhaa zimetoka kwa mkono mmoja, alimwita mchongaji huyo kwa jina la kijiji, Buli. Ilichukua miaka mingi kabla utafiti haujaleta jina la Ngongo ya Chintu. Mchongaji mwingine, wa Waluba, aliyetengeneza mito ya mbao ya kulalia, anajulikana mpaka leo kwa msuko alioupenda kuuchonga, ule unaoshuka kwa ngazi kama maporomoko ya maji. Msuko umebaki, mtu amefutika.

Mito hiyo ya mbao inatuambia jinsi kazi ya msusi ilivyothaminiwa. Mtu aliyesukwa kwa saa nyingi hakuweza kujitupa kitandani hivi hivi. Alilaza shingo kwenye mto wa mbao ili nywele zisiguse kitu, na asubuhi msuko ukawa bado umesimama. Mafuta, udongo mwekundu na unga wa mti mwekundu vilisaidia kuushika. Anayeona picha ya msuko wa aina hiyo anaona siku moja tu ya maisha yake. Haoni usiku ambao mwenyewe alilala kwa uangalifu, wala kazi za nyumbani zilizofanywa na wengine wakati yeye na msusi wake wamekaa.

Kabambare, na kofia za Bwami

Kabla ya Cameron, Livingstone alikuwa amekwisha kaa Manyema. Alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, Septemba 1869, na vidonda vya miguu vikamfungia huko kwa muda mrefu. Mtu asiyeweza kutembea hutazama. Katika shajara yake aliwaeleza wanawake wa nchi hiyo ambao nywele zao zilisukwa kwa umbo la kikapu lililojitokeza nyuma ya kichwa. Hapa tena jicho la mgeni limevutwa kisogoni. Kikapu, msalaba, ngazi: mafundi wa eneo lote hili waliweka kazi yao upande uleule, mahali ambapo anayefuata nyuma njiani, mwenye mzigo kichwani au jembe begani, ataiona muda wote wa safari.

Ukirudi mashariki kutoka Kabambare unapita nchi ya Wabangubangu na Wabuyu, kisha unaingia Ngandja na kupanda kuelekea Fizi. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Ubelgiji aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Wabembe mwaka 1949, alionyesha kwamba Wabembe walikuta hapa jamii za wawindaji waliowatangulia, nao ndio waliochonga sanamu za mababu ambazo wanunuzi wa Ulaya walizipa jina la Kibembe kwa jumla. Kitabu chake cha 1981 kinahusu sanamu hizo hasa, na mjadala juu ya nani alichonga nini kati ya Basikasingo, Wabembe na Wabuyu. Kosa ni lile la vitabu vya safari: nchi moja, jina moja, vichwa vyote chini yake.

Kwa Wabembe, kama kwa ndugu zao Walega, cheo kilikaa kichwani kwa njia nyingine. Katika chama cha Bwami, mtu aliyepanda daraja alivaa kofia yake, na kofia za madaraja ya juu zilipambwa kwa kauri, vifungo na mikia ya tembo. Nywele zilifunikwa, daraja likaonekana. Serikali ya Kikoloni ya Ubelgiji iliuogopa utaratibu huo ulioweza kuwaunganisha watu bila idhini yake, ikaupiga marufuku Bwami mwaka 1948. Unapoona katika picha za miaka ile mzee wa bara amesimama kichwa wazi mbele ya kamera, inafaa kujiuliza kama kichwa kile kiliachwa wazi kwa hiari.

Kamera inafika

Kamera ilirithi tabia za kalamu. Casimir Zagourski, mpiga picha mwenye asili ya Poland, alifika Kongo mwaka 1924, akafungua studio Léopoldville, na mpaka kifo chake mwaka 1944 aliuza kadi za posta za mfululizo alioupa jina lenye maana ya Afrika inayotoweka. Ni picha nzuri sana, na nyingi ni za nywele. Lakini kichwa cha mwanamke Mmangbetu kinaitwa aina ya Mmangbetu, namna mkusanyaji wa vipepeo anavyoandika chini ya kipepeo.

Mara moja jina lilipenya. Wakati wa msafara wa magari ya Citroën uliovuka Afrika kati ya 1924 na 1925, Georges Specht alimpiga picha Nobosudru, mke wa mkuu Ekibondo wa Wamangbetu, akiwa ametazama pembeni, nywele zimejengwa kwa nyuma na kupanuka juu kama duara. Jina lake tunalijua kwa sababu mume wake alikuwa mkuu. Ilibidi mtu awe mke wa mtawala ili kichwa chake kiwe chake. Waliomfunga kichwa tangu uchanga ili kirefuke, na waliomjengea nywele juu ya fito nyembamba, hawakufikiwa na bahati hiyo.

Aliyegeuza kamera kwa makusudi alikuwa Mwafrika. J. D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria alianza mwaka 1968 kupiga picha za misuko ya wanawake harusini, barabarani, maofisini. Alipofariki mwaka 2014 alikuwa ameacha picha karibu elfu moja za nywele. Nyingi zimepigwa kwa nyuma, mandhari ni nyeupe, kichwa kimesimama kama kazi ya usanifu. Ojeikere alijua kwamba msuko ni kazi inayobomolewa baada ya wiki chache, ndiyo maana akauwahi. Aliandika majina ya misuko mingi, na hilo peke yake ni hatua kubwa kutoka kwenye majina ya nchi. Bado msusi yuko nje ya picha.

Vidole havihitaji mzigo

Kuna wakati serikali yenyewe iliingia kichwani mwa watu. Kuanzia mwaka 1971 Rais Mobutu alitangaza sera ya Authenticité: nchi ikawa Zaire, majina ya Kikristo yakaachwa, suti na tai zikakatazwa, na wanawake wakazuiwa kuvaa suruali na wigi. Nywele za bandia zilihesabiwa kuwa uigaji wa Wazungu. Laiti waliotunga amri hiyo wangemsoma Cameron. Mwanamke wa Uguha aliyeongeza nywele mwaka 1874 hakuwa akimwiga yeyote. Alitaka misuko minne ifikie urefu unaostahili. Tangu lini ziada ya urembo ikahitaji cheti cha asili?

Fizi ilikuwa na sababu nyingine za kutozingatia amri za Kinshasa. Milima yake ilikuwa ngome ya waasi. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akatua Kibamba, akaondoka Novemba mwaka huo. Kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila akabaki na maeneo yake milimani kwa miaka mingi baadaye. Kisha vita vya 1996 na vilivyofuata viliwatoa watu kwa maelfu, wakavuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka huo huo, na wengine kutoka hapo wakahamishiwa Marekani na kwingineko. Nyumba ilipoachwa usiku, albamu za picha ziliachwa. Kwa hiyo familia nyingi za Fizi hazina picha ya bibi yao akiwa na nywele za ujana wake. Wana kitu kingine: mikono ya binti yake. Kusuka hakuhitaji mzigo. Chanuo, mafuta kidogo, vidole, na mtu wa kukaa mbele yako. Kambini vyote hivyo vilipatikana.

Ndiyo maana Baraka leo misuko inasafiri pande zote. Mitindo ya Bujumbura inafika kwa barabara ya Uvira, ya Kigoma inafika kwa boti pamoja na bidhaa nyingine, ya Kinshasa inafika kwenye simu. Majina yake hueleza matukio kuliko makabila. Mwenye haraka ya msiba husukwa twende kilioni, mistari inayorudi nyuma moja kwa moja, kazi ya muda mfupi isiyo na madoido. Mfiwa wa karibu anaweza kunyoa kabisa, na nywele zikiota tena majirani wanahesabu muda wa matanga bila kuuliza. Msichana wa shule hubaki na nywele zake mwenyewe, kwa kuwa shule nyingi zinakataza meshi, na meshi za kwanza baada ya kumaliza masomo zinatangaza kwamba sasa ni mtu mzima. Bibi arusi husukwa na shangazi na rafiki, na wakati vidole vikifanya kazi ndipo husemwa maneno ya ndoa ambayo hayasemwi mbele ya wazazi. Anayesukwa ameinama, haonani uso kwa uso na anayemwambia. Ni rahisi kusikia ukweli ukiwa umekaa hivyo.

Maana ya msuko, basi, imegawanyika kati ya umbo na kikao: nani ameruhusiwa kukushika kichwa, kwa sababu gani, siku gani, na mlizungumza nini. Picha ya umbo peke yake inaweza kuwa nzuri mno na isituambie lolote kati ya hayo. Michoro ya Stanley ni ya kweli, kwa kadiri sanamu za Kihemba zinavyoishuhudia. Kasoro yake haiko kwenye mstari wa kalamu. Iko kwenye maswali ambayo hayakuulizwa wakati mwenye kichwa na msusi wake walikuwa hapo hapo, wanaweza kujibu kwa Kiswahili ambacho wapagazi wake walikifahamu.

Vijana wanaopiga picha za misuko Fizi na Baraka wanaweza kuuliza. Jina la msusi liandikwe, na la msukwaji akiridhia. Iandikwe sababu ya msuko, harusi au msiba au Jumapili tu, saa ulizochukua, mahali mstari wa kwanza ulipochorwa, msusi alijifunza kwa nani na katika mji gani, na kama nywele zimeongezwa. Zipigwe picha tatu: uso, kisogo, na mikono ikiwa kazini. Apewe msusi nakala, kwa sababu kazi yake huondoka na mteja mlangoni naye habaki na kitu cha kumwonyesha anayefuata. Ruhusa iombwe kwa wote wawili. Tukifanya hivyo, mjukuu atakayetafuta asili ya msuko wake, awe Nyarugusu au Ohio, atakuta jina la mtu mahali ambapo sisi tulikuta jina la nchi, na ataweza kumtafuta mtu huyo au watoto wake, akakaa mbele yao, akasukwa.